Mama unayelima tumbaku, fanya hivi jina lako liandikwe kabla msimu mpya haujaanza

Mwangaluka jamani. Naandika nikiwa Urambo, mkoani Tabora, na nawalenga hasa wamama na wadada wa huku kwetu, Urambo, Kaliua, Ulyankulu, Sikonge, wale ambao mwezi wa tisa wako kitaluni na ndoo ya maji kichwani, mwezi wa pili wamelala bani, yaani kwenye banda la kukaushia tumbaku, wanachochea kuni usiku kucha, halafu hela ikitoka wanaambiwa subiri baba watoto anarudi. Wababa pia someni, hakuna tusi humu.

Kila mtu huku anaijua hii stori. Masoko yanafunguliwa, mitumba (marobota ya tumbaku) inapimwa, malipo yanaingia benki, mwanaume anapanda gari kwenda mjini kuchukua hela na anarudi baada ya wiki mbili na pikipiki, au na mke mdogo, au harudi kabisa mpaka iishe. Mama yangu mdogo alilima na mume wake misimu tisa, tisa nimehesabu mwenyewe, na siku mume alipoamua kumrudisha kwao aliondoka na godoro, sufuria tatu na watoto wawili, shamba likabaki la mume, bani la mume, namba ya chama cha ushirika ya mume, akaunti ya mume. Alipouliza akaulizwa jina lako liko wapi? Na kweli halikuwepo popote. Mikono yake ilikuwepo kila mahali ila jina hakuna.

Toka siku ile mimi nikisikia watu wanabishana mambo ya usawa wa kijinsia na ufeministi, wengine wanasema ni ya wasomi wa Dar, wengine ya wazungu, nawaza kitu kimoja tu, jina. Jina kwenye daftari la chama, jina kwenye karatasi ya shamba, jina benki, jina kwenye laini ya simu. Hayo manne ndo nataka nikueleze unayapataje, maana nimeyapitia na najua pale watu wanapokwamia.

Anza na sheria, japo kidogo

Usiende ofisini hujui kitu, watakuzungusha. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ni ya mwaka 1971, wengi wetu hatujazaliwa, na mule ndani inasema mwanamke aliyeolewa ana haki ileile ya kupata mali, kuimiliki na kuiuza kama mwanaume. Kuolewa hakukunyang'anyi ulichokuwa nacho kabla. Sasa kuna kifungu cha 60 ambacho natamani kila binti afundishwe kabla hajavalishwa pete, kinasema mali ikipatikana ndani ya ndoa kwa jina la mmoja, inachukuliwa kuwa ni yake huyo mmoja mpaka mwingine alete ushahidi kuipinga, ila ikiandikwa kwa majina ya wote wawili inachukuliwa kuwa ni ya wote sawa kwa sawa mpaka mtu alete ushahidi kupinga. Umeona hapo? Kama jina lako halipo, kazi ya kuthibitisha ni yako wewe, utembee mahakamani na mtoto mgongoni. Kama lipo, kazi hiyo ni ya anayekupinga.

Sisemi kwamba bila jina huna kitu, hapana. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ilisema kazi za nyumbani, kupika, kulea, kutunza nyumba, ni mchango kwenye mali ya ndoa. Na Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema ardhi ikiwa kwa jina la mwenza mmoja lakini mwingine amechangia kwa nguvu zake kuizalisha na kuitunza, basi nguvu hizo zinampa maslahi kwenye hiyo ardhi. Kwa hiyo ile miaka ya kuchuma majani na kuyafunga kwenye fito inahesabika. Ila haya yote unakuja kuyadai wakati mmeshagombana, na mimi nakutaka uwe umejipanga mkiwa mnapendana bado.

Kitambulisho na laini ya simu

Watu wanaona hiki ni kitu kidogo, wakati ndo mlango wa vyote. Bila kitambulisho cha taifa, hiki cha NIDA, huwezi laini, akaunti itakusumbua, na chama nacho kitakuuliza. Kama kadi haijatoka chukua namba yako uiandike mahali pa kudumu, mimi nimeandika nyuma ya kadi ya kliniki ya mtoto.

Halafu angalia laini unayotumia imesajiliwa kwa alama za vidole vya nani. Wamama wengi huku simu walinunuliwa na mume na laini ikasajiliwa kwa kidole chake, sawa ilikuwa ni upendo, lakini maana yake hela yote inayoingia humo kisheria iko kwenye jina lake, akienda yeye kwa wakala kusema laini imepotea anaipata, ukienda wewe huipati. Sajili yako. Usiizime ile ya zamani kwa ugomvi, endelea nayo tu, ila meseji za benki na hela ya kikoba ziingie kwenye hii yenye kidole chako. Na namba ya siri ni ya kwako peke yako, mtoto wa darasa la tano asiijue, maana yeye ndo wa kwanza kuulizwa.

Uanachama wa AMCOS

AMCOS ndo chama cha msingi cha ushirika cha wakulima. Hapa nitakaa sana sababu ndo penye hela.

Huku tumbaku hulimi tu ukaenda kuuza sokoni kama karanga. Unalima kwa mkataba, chama chako cha msingi kinaingia mkataba na kampuni, unasajiliwa na makisio ya kilo utakazouza, unakopeshwa mbolea na pembejeo nyingine, na ukiuza deni linakatwa kwanza ndo kinachobaki unapewa. Vyote hivyo vinafuata namba ya mwanachama. Asiye na namba hana makisio, hana mbolea, hana mauzo, hata kama ndo aliyelala bani siku saba. Kwa hiyo nyumba ikiwa na namba moja ya baba, mama kwenye vitabu hajulikani, anahesabika kama kibarua asiyelipwa.

Watu watakuambia chama kinachukua mtu mmoja kwa kaya. Mimi niliambiwa hivyo na karani, kwa upole kabisa, akidhani ananisaidia. Nikamwomba anionyeshe kwenye masharti ya chama hicho kipengele kiko wapi. Akatafuta, hakipo. Ni mazoea tu. Sheria ya Vyama vya Ushirika ni ya mwaka 2013 na haijasema mwanachama awe mwanaume wala awe mkuu wa kaya, inataka uwe umefika miaka 18 na utimize masharti ya chama. Masharti ya chama ni kitabu, kipo ofisini, una haki ya kukiomba na kukisoma, na kama kusoma kunakusumbua nenda na mwanao wa sekondari akusomee kwa sauti palepale.

Ukishajua masharti andika barua ya maombi, fupi tu, jina, kijiji, ukubwa wa shamba unalolima, unaomba uanachama. Peleka nakala mbili, moja ibaki kwao na moja wakugongee muhuri urudi nayo, hiyo ya muhuri usiiache kwa mtu yeyote. Lipa kiingilio na hisa, dai risiti. Fanya haya mapema, mkishamaliza masoko na kabla ya vitalu, sababu makisio yakishapelekwa kuja kuongeza jina katikati ya msimu ni kuhangaika bure. Mimi nilichelewa mwaka wa kwanza nikakaa msimu mzima mwanachama asiye na kilo.

Sasa onyo, na hili nalisema kwa uchungu maana nimeona limewaumiza watu. Namba yako ikishakuwepo, deni nalo ni lako. Kwenye vyama vingi wanachama wanadhaminiana, mmoja akishindwa wengine wanakatwa, kwa hiyo usikubali kuandikiwa makisio makubwa ili upate mbolea nyingi ya kuuza. Andika kilo ambazo bani lako na kuni zako zinaweza. Na kuna huu mchezo mwingine, mume ana deni kubwa kwenye namba yake, anakuomba mitumba yake ipite kwenye namba yako ili asikatwe. Kataa kwa heshima. Chama kikigundua ni wewe utakayeitwa kwenye kikao kujibu, na tumbaku haina aibu, kila mtu anajua shamba lako lina ukubwa gani.

Ukishaingia, hudhuria vikao. Mwanachama mmoja kura moja, haijalishi una kilo mia tano au elfu tano. Vikao vyetu wanaume wanakaa kwenye mabenchi mbele na wamama nyuma chini kwenye kanga, hakuna aliyeamuru, ni mazoea tu. Mimi na wenzangu wanne tulikubaliana tufike mapema tukae benchi la pili. Watu walituangalia, kikao kikaanza, kikaisha. Siku hizi hakuna anayeangalia. Kuuliza swali la kwanza ndo kugumu, kwa hiyo liandike kabisa nyumbani, uliza kitu cha namba, mfano makato haya ya tatu kwenye karatasi yangu ni ya nini, swali la namba hawawezi kulijibu kwa kukwambia mama kaa chini.

Akaunti

Malipo ya tumbaku yanapitia benki. Fungua yako binafsi, na kama mnalima shamba moja na mume kwa namba moja basi ombeni akaunti ya pamoja ambayo hela haitoki bila sahihi zote mbili. Waambieni benki mnataka hivyo kwa maneno hayohayo, sahihi zote mbili, sababu ipo ya pamoja ambayo yeyote anatoa peke yake na hiyo haitakusaidia kitu msimu wa masoko.

Shamba

Mashamba yetu mengi ni ardhi ya kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inasema mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawasawa na mwanaume, na mila yoyote inayomnyima mwanamke ardhi kwa sababu tu ni mwanamke haina nguvu. Narudia maana nimesikia wazee wakisema ndo mila ya Wanyamwezi, ndo mila ya Waha, ndo mila ya Wasukuma. Mila nyingi ni nzuri na mimi nazipenda, ila hiyo moja sheria imeshaikataa.

Karatasi yenyewe inaitwa hati ya hakimiliki ya kimila. Inatolewa na kijiji, halmashauri ya kijiji ndo inapokea maombi, na ili kijiji kiweze kutoa lazima kiwe na cheti chake cha ardhi ya kijiji na masijala ya kutunzia kumbukumbu. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mtendaji wa kijiji ni kama kijiji chetu kimeshapata cheti. Kama bado, hilo ni la kupeleka mkutano mkuu wa kijiji, msukume wengi sio wewe peke yako.

Kama kipo, fomu ina nafasi ya kujaza zaidi ya jina moja. Jazeni mawili. Wapimaji wakija shambani usibaki jikoni unawapikia ugali, waambie watoto wapike, wewe tembea kwenye mipaka na majirani wakuone ukionyesha huu mti ni mpaka na huu mfereji ni mpaka. Mashahidi wa mipaka wakiulizwa miaka kumi baadaye watakukumbuka. Nilipofanya hivi shemeji yangu alisema kwani shemeji umekuwa bwana shamba, nikamjibu ndio shemeji, tangu tumekuja kwenu nani mwingine analijua hili shamba? Akacheka, akanyamaza, akatembea na sisi.

Kama hati haiwezekani sasa hivi na mnanunua shamba au kiwanja leo, hakikisha kwenye yale makubaliano ya mauziano mbele ya mtendaji mnunuzi ni majina mawili. Mstari mmoja tu huo. Na nyumba mnayoishi, hata ikiwa kwa jina lake peke yake, Sheria ya Ndoa kifungu cha 59 inamkataza kuiuza, kuigawa au kuiweka rehani bila ridhaa yako, kwa hiyo ukiletewa karatasi usaini haraka haraka mtu wa mkopo anasubiri nje, mwambie asubiri mpaka kesho.

Mliotolewa mahari mkaishi bila cheti, au mnaoishi tu, msikate tamaa, mkikaa pamoja miaka miwili na watu wanawajua kama mume na mke sheria inachukulia mmeoana mpaka mtu athibitishe vinginevyo. Lakini katafute cheti.

Daftari

Nunua kaunta buku. Kila siku unapotoka shamba andika tarehe, kazi, nani alifanya, hela gani ilitoka. "Tar 14, kuchuma, mimi na watoto wawili na vibarua watatu, vibarua nimewalipa kwa hela ya karanga." Basi, mistari miwili. Mimi nilianza kwa sababu ya hesabu za vibarua, ila mwisho wa msimu mume wangu alilisoma usiku mzima na asubuhi akaniambia sikujua. Kweli hakujua. Alikuwa anaona chakula kipo, kuni zipo, watoto wameenda shule, fito zimejaa, hajui ni saa ngapi vimefanyika. Kumbe wanaume wengi sio wabaya, hawajawahi kuona hesabu.

Kuongea na mume

Usianze siku ya malipo. Usianze mbele ya mama yake. Usianze na neno haki, kwa wengi likitajwa wanaona polisi. Chagua jioni ya kawaida, amekula, watoto wamelala, na anza na kitu mnachokiogopa wote wawili. Mimi nilianza hivi:

"Baba Neema, hivi Mungu apishe mbali ukipata ajali leo, mimi chama wananijua?"

Akasema, "Watakujua, si mke wangu."

"Mke wa marehemu kaka yako hawakumjua. Walichukua wadogo zake mitumba yote, yeye akapewa debe mbili za mahindi."

Akakaa kimya muda mrefu. Nikamwacha. Sikuongeza neno, hapo ndo wengi tunaharibu, tunaongeza na yale ya mwaka juzi. Baada ya siku nne yeye mwenyewe akaniuliza kiingilio ni shilingi ngapi.

Wengine watajibu vibaya. Atasema tumbaku ni zao la wanaume. Muulize taratibu kitaluni nani anamwagilia, nani anang'oa miche, nani anachambua madaraja, maana kwenye uchambuzi ndo bei inapopatikana na huko bandani wamejaa wanawake watupu. Atasema mwanamke akishika hela anaota pembe. Mwambie tufanye msimu mmoja, namba mbili, nusu ekari tu iwe yangu, tuone hela ya nusu ekari hiyo itaenda wapi. Nimeona hii ikifanya kazi kuliko mabishano, sababu hela ya mama inaonekana mapema tu, bati zinaonekana, ada zinaonekana. Atasema unataka kuniacha. Hapo usimjibu na sheria, mjibu na moyo wako, mwambie anayetaka kuondoka haandiki jina, anabeba mabegi.

Na kama mna wake wawili nyumbani, nyie wamama msigombanishwe. Sheria inawapa haki sawa kati yenu, kila mmoja aandikwe kwenye shamba analolima mwenyewe.

Ikigoma kabisa

Kama ameuza au anataka kuuza, nenda baraza la ardhi la kijiji, lina watu saba na sheria imetaka watatu kati yao wawe wanawake, kama la kwenu halina hilo peke yake ni la kuuliza. Kwenye mambo ya ndoa kuna baraza la usuluhishi la ndoa, na ikifika talaka kwa kawaida mahakama inataka mpite huko kwanza. Wasaidizi wa kisheria wapo, muulize afisa maendeleo ya jamii wa kata anakuelekeza na hutakiwi kulipa. Nenda na daftari, barua yenye muhuri, risiti, na picha za shamba. Kama kuna kupigwa usipitie hatua zote hizi, nenda dawati la jinsia polisi siku hiyohiyo, mambo ya namba na hati yatasubiri.

Wale mlio wajane, msitoe kadi ya chama wala ya benki kwa ukoo siku ya matanga, hata ikiombwa kwa ajili ya kutunza. Sema iko mbali, sema itatafutwa, kaa nayo mpaka msimamizi wa mirathi ateuliwe na mahakama, na wewe mwenyewe unaweza kuomba kuwa msimamizi.

Mtaji

Kiingilio na hisa sio hela nyingi ila kuna wasionazo. Kikoba kinatosha kwa hilo. Pia halmashauri zinatenga asilimia kumi ya mapato ya ndani kwa mikopo ya vikundi bila riba, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu, unahitaji kikundi kilichosajiliwa na mpango wa biashara. Ila usikope kwa ajili ya tumbaku tupu, mvua ikikata utalia. Changanyeni na karanga, alizeti au mizinga ya nyuki, huku kwetu asali haina baba mwenye namba.

Mabinti zangu wawili nawapeleka chama siku ya mauzo, wanakaa na mimi karibu na mzani wanasoma kilo kwa sauti. Kaka yao yuko bandani anachambua na jioni ni zamu yake ya kuosha vyombo. Bibi yake alilalamika mwaka wa kwanza, mwaka huu kamnunulia dodoki.

Vitalu vimekaribia. Barua ya maombi iandike leo usiku, kesho ofisi ikifunguliwa uwe wa kwanza, nakala mbili, usisahau muhuri.